Lori Lililoinama Upande

Mlezi wa chama chetu alipotutaka tuandike juu ya jambo ambalo mtu amejifunza nje ya darasa, wenzangu wengi walikimbilia harusi, safari za Mombasa na mechi za kandanda. Mimi nimechagua lori. Sisemi lile la magurudumu mengi linalonguruma usiku likielekea Malaba. Nasema lori dogo la kuchezea, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ambalo huendeshwa kwa rimoti. Najua wapo watakaoangua kicheko wakisikia kwamba kijana mzima wa Kidato cha Tatu bado anacheza na vigari. Na wacheke, lakini wasiufunue ukurasa huu kabla ya kufika mwisho, kwa sababu ndani ya kisa hiki mna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Sisi watoto wa Eldoret tumezaliwa kando ya barabara ya malori. Barabara kuu itokayo Mombasa hupitia Nairobi na Nakuru, ikapanda Timboroa penye baridi kali, ikateremka Burnt Forest na kutufikia sisi, kisha ikaendelea Turbo, Webuye hadi mpakani. Wazee wengi bado wanauita mji wetu Sisibo, yaani 64, kwa kuwa ulianza katika shamba lenye nambari hiyo wakati wa walowezi. Reli ilifika hapa mwaka 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 tukapewa hadhi ya jiji. Lakini hata tukiitwa jiji, kwangu mimi Eldoret ni harufu ya dizeli na mahindi mapya.

Tulipokuwa wadogo tuliyaiga malori hayo kwa waya. Usukani ulikuwa fito ndefu, magurudumu tuliyakata kwenye ndara kuukuu, na bodi ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Waliokuwa mafundi hasa waliweka hata springi. Walichukua ule ukanda wa bati unaofungia masanduku ya bidhaa, wakakata vipande vitatu, kirefu, cha kati na kifupi, wakavipanga na kuvifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Gari kama hilo likipita juu ya jiwe lilinesanesa kama bibi harusi. Asiyekuwa na springi, gari lake lilirukaruka na kumwaga mchanga wote njiani, naye akachekwa.

Likizo ya Desemba mwaka juzi nilifanya kibarua cha kuanika mahindi. Asubuhi tunayatandaza juu ya turubai, mchana tunayageuza kwa reki, na mawingu yakitanda tunakimbia kuyakusanya. Nilipolipwa nilikwenda moja kwa moja kwenye soko la mitumba, na huko nikaliona lori langu limelala katikati ya mwanasesere asiye na kichwa na viatu vya kuteleza barafuni. Lilikuwa jekundu, na magurudumu yake manne yalikuwa makubwa kama bilauri. Chini, kila gurudumu lilikuwa na shoki yake, kijibomba chembamba kilichozungukwa na springi ya kuviringika.

"Chukua kijana, hii ni ya ng'ambo. Haina shida hata moja," muuzaji aliniapia.

Nikampa shilingi 600 na kuondoka mbio asije akabadili nia. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Siku ile mlevi nilikuwa mimi.

Nyumbani nilitia betri, nikaliweka sakafuni. Lo! Lilikuwa limeinama upande wa mbele kulia, mithili ya mzee anayeegemea bakora. Nilipolipeleka uani penye mawe lilidundadunda kama mpira, likapinduka na kubaki likizungusha magurudumu hewani. Nililisimamisha mara tano, nalo likapinduka mara tano.

Sasa, mtu akiona gari limeinama mbele kulia, atatengeneza wapi? Atatengeneza mbele kulia. Ndivyo nilivyofanya. Niliitoa springi ya upande huo nikaivuta kwa koleo mpaka ikarefuka. Lori likasimama wima kwa siku mbili, kisha likainama tena. Nikavunja kalamu mbili za kubofya, nikatoa springi zao ndogo na kuzichomeka ndani ya ile kubwa. Lori likainuka, lakini upande ule ukawa mgumu kama jiwe, na kila lilipogonga kokoto lilijitupa kushoto.

Kisha nikaifungua shoki yenyewe. Nilikuta ndani pakavu, pana alama tu ya mafuta ya zamani. Nikasema, aha, ndiyo maana linadunda! Nikaingia jikoni na kuchukua mafuta ya kupikia ya mama, nikajaza shoki zote nne. Jioni hiyo lori lilitembea kwa madaha, nami nikajiona kuwa bingwa. Lakini Eldoret iko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kila mpishi wa hapa anajua mafuta ya chupa huwaje alfajiri ya Januari. Yalikuwa yameganda. Asubuhi lori langu lilisimama kama limepigwa misumari, springi hazishuki wala hazipandi. Saa nane mchana, jua lilipowaka, yakayeyuka na kuanza kuvuja kupitia sili zilizokwisha. Mama aliona madoa kwenye zulia. Yaliyofuata hayahusu makala hii.

Huenda msomaji anajiuliza: kwani hapakuwa na mtu wa kumwuliza? Alikuwepo. Na hapa ndipo penye jambo nililosema.

Baba yangu ni fundi wa springi. Si springi za vigari, ni springi za malori, yale majani ya chuma yanayopangwa chini ya ekseli, marefu kuliko mimi. Kazi yake anaifanyia jua kali, chini ya mabati manne, karibu na mahali malori yanapoegeshwa. Lori likivunja jani, yeye ndiye anayelala chini yake kwenye matope, akafungua bolti zilizoshikwa na kutu, akalitoa jani, akaliingiza motoni na kulipiga nyundo mpaka lipate upinde wake. Mikono yake ni myeusi hata siku ya Jumapili. Sabuni zote zimeshindwa.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza tuliulizwa darasani, mmoja baada ya mwingine, wazazi wetu wanafanya kazi gani. Aliyenitangulia alisema babake ni daktari. Ilipofika zamu yangu ulimi ulijiendea wenyewe: "Baba yangu ni injinia wa magari." Neno likishatoka halirudi. Kuanzia siku hiyo nilianza kuzunguka njia ya mbali nikitoka shuleni, ili wenzangu wasipite nami pale kwenye mabati.

Siku moja katika Kidato cha Pili tulibadilisha njia kwa sababu ya mvua. Tulikuwa vijana wanne. Nilipotupa jicho nikaona miguu ninayoijua imetokeza chini ya lori, na kabla sijageuka, baba akachomoza kichwa akaniona. Akaniita kwa jina langu. Akaniita tena, kwa furaha, kama mtu aliyeona mgeni. Nikatazama mbele na kuendelea kutembea. Mwenzangu mmoja aliuliza, "Huyo fundi anakuita wewe?" Nikajibu, "Hapana, simjui."

Jioni baba alikuja nyumbani, akanawa, akala, akaniuliza habari za masomo. Hakusema lolote kuhusu mchana ule. Wala kesho yake. Afadhali angenichapa.

Basi ndiyo sababu nilihangaika na lori langu karibu miezi miwili huku tabibu wake akilala chumba cha pili. Ningemwendeaje? Lakini mwezi wa Februari mwalimu wetu wa Fizikia alitangaza kwamba shule itafanya maonyesho ya sayansi kabla ya muhula kwisha, na wazazi wataalikwa. Kikundi chetu kilipokosa wazo nikaropoka kwamba ninalo lori la rimoti, na kwamba tunaweza kuonyesha jinsi springi zinavyobeba mzigo: tutalipakia mahindi nusu gorogoro, yaani karibu kilo moja, na kulipitisha juu ya mawe bila kumwaga hata punje. Wenzangu wakashangilia. Mwalimu akaandika. Nikarudi nyumbani tumbo likiniuma.

Jumamosi iliyofuata nilitia lori ndani ya mfuko wa plastiki wenye nafaka chini ili lisionekane, nikaenda kwenye mabati.

Nilimkuta baba na dereva mmoja mwenye haraka. Lori lake lilikuwa limebeba magunia ya mahindi na limelalia upande wa kushoto.

"Mzee, niongezee jani moja hapa kushoto, niende. Nataka kufika Bungoma kabla ya giza," dereva alisema.

"Ndugu yangu, nikikuongezea hapa, kule kutalia," baba alimjibu. "Ngoja kwanza."

"Lakini si unaona ni hapa imelala?"

"Naona. Imelala hapa. Lakini sijaona ni nani anaisukuma."

Akazunguka upande wa kulia, upande ambao ulionekana mzima kabisa, akaingia chini. Aligonga kwa nyundo hapa na pale akisikiliza. Halafu akamwita taniboi alete mafuta na rungu la chuma. Kumbe ile shako, kipande kinachoiruhusu springi kujinyoosha mzigo unapoikandamiza, ilikuwa imeshikwa na kutu upande wa kulia. Springi ya kulia haikuweza kushuka tena. Kila lori lilipopita shimoni, upande wa kulia ulikataa kazi na kushoto kukafanya kazi ya wawili. Baba aliigonga ile shako mpaka ikaachia, akabadilisha bushi, na lori likajiweka sawa lenyewe kama mtu aliyeamshwa. Hakuongeza jani lolote. Wakati wa kulipwa alimwambia dereva, "Na hayo magunia ya juu yapunguze. Mizani ya Webuye haina undugu."

Baada ya dereva kwenda nilifungua mfuko. Baba alilitazama lori langu kwa muda mrefu, akaligeuza juu chini, akalibonyeza kwa kidole. Nilidhani atacheka. Akaniuliza, "Limekuwa na shida hii tangu lini?"

"Tangu Desemba."

"Na mimi niko wapi tangu Desemba?"

Sikuwa na jibu. Akaniachia lile swali lining'inie kidogo, kisha akavuta kigoda. "Umeona vile nimefanya ile kubwa. Fanya hivyo na hii yako. Mimi ninakaa hapa."

Nikaweka lori juu ya kioo kilichovunjika cha dirisha, kwa kuwa baba alisema meza yake si sawa na meza isiyo sawa hudanganya. Nikachukua rula nikapima kutoka kioo hadi kwenye chasisi, pembe zote nne. Mbele kulia milimita 31. Mbele kushoto 38. Nyuma kulia 38. Nyuma kushoto 44. Nikairudia ile ya mwisho, ikawa 44 tena. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeangalia pembe iliyoshuka. Sikuwahi kuangalia iliyopanda.

"Sasa toa springi zote, bonyeza shoki peke yake," baba alisema.

Tatu zilishuka na kupanda vizuri. Ile ya nyuma kushoto iliingia nusu, ikakwama. Nilipoivua niliona kijiti chake cha chuma kimepinda kidogo sana, kiasi kwamba ukikitazama hivi hivi huoni. Nilikiviringisha juu ya kioo ndipo kikaonekana kinayumba. Kijiti kilichopinda hakiingii ndani ya bomba lake. Kwa hiyo pembe hiyo ilibaki juu kama mguu wa meza uliozidi urefu, na meza yenye mguu mmoja mrefu hulalia wapi? Hulalia pembe inayoutazama, ng'ambo ya pili. Nyuma kushoto ndiyo iliyokuwa ikilisukuma lori langu mbele kulia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tulitengeneza hivi, na nawaandikia kwa mpango ili atakayehitaji asihangaike kama mimi.

Kwanza kijiti. Baba alikata spoki ya baiskeli, chuma kigumu chenye unene wa milimita mbili, ambacho tayari kina nyuzi za kufungia nati upande mmoja. Tuliisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa, kwa sababu ikiwa na mikwaruzo itakula sili na mafuta yatavuja.

Pili sili. Vile vipete vya mpira, ambavyo mafundi huviita oringi, tulivipata kwa fundi wa bodaboda katika mabaki ya kabureta, na baba akachagua vinavyobana bila kukaza.

Tatu mafuta. "Si ya kupika," baba alisema, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. Fundi yule yule wa bodaboda alitupa oili kidogo ya shoki za mbele za pikipiki, kiasi cha vizibo viwili vya soda. Oili hiyo haigandi kwa baridi yetu. Unajaza shoki ikiwa imesimama, unasukuma kijiti juu na chini polepole, unangoja mapovu yapande na kupasuka, ndipo unafunga. Povu likibaki ndani, shoki hunywea hewa badala ya kufanya kazi.

Hapa nilimwuliza baba kwa nini malori mengi ya hapa yana majani matupu lakini hayadundi kama langu. Alichukua majani mawili akayasugua pamoja, yakalia. "Haya yanasuguana. Gari ikiruka, yakisuguana yanajizuia yenyewe. Hako kako ni waya moja tu, kanasugua nini? Springi inabeba. Lakini ikishabeba inataka kurudisha, na ikirudisha inataka kurudia tena. Lazima kuwe na kitu cha kuituliza." Nimesoma Fizikia miaka miwili na sijasikia jambo hilo likielezwa vizuri zaidi.

Nne springi zenyewe, na hapa mimi nami nilikuwa na la kusema. Katika Kidato cha Pili tulisoma kanuni ya Robert Hooke, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1678: mzigo ukiongezeka mara mbili, springi nayo hunyooka au hubonyea mara mbili, mradi usivuke mpaka wake. Ukivuka mpaka huo springi hairudi tena ilikotoka. Nilisimamisha msumari kwenye ubao, nikavisha springi moja moja na kuwekea juu pakiti ya sukari ya nusu kilo. Tatu zilishuka milimita 5 kila moja, na kwa kilo nzima milimita 10. Ile niliyoivuta kwa koleo kila nilipoipakua ilikuwa na urefu mwingine. Nilikuwa nimeiharibu kwa mikono yangu nikidhani naiponya.

"Springi za ekseli moja ni mapacha," baba alisema. "Huwezi kubadilisha moja."

Basi mbili nzima tukaziweka nyuma, penye mzigo. Kwa ajili ya mbele tulinunua springi moja ndefu kwa fundi wa printa kwa shilingi 50. Kwa nusu kilo ilishuka milimita 12, nikasema ni laini mno. Baba akaikata katikati bila kusema neno, akanipa nusu moja nipime. Milimita 6! Springi ikikatwa nusu, kila nusu huwa ngumu maradufu, kwa maana mizunguko inayobonyea imepungua. Baba hajui kanuni ya Hooke. Na kamusi inasema springi ni kamani, neno ambalo pia hakuwahi kulisikia. Lakini kisu chake kilijua.

Jua lilipokuwa linatua tulipima tena juu ya kioo. 37, 37, 38, 38. Tulipotia kilo moja ya mahindi pembe zote zilishuka sawasawa. Nililipitisha juu ya rundo la vyuma chakavu, nalo likapanda likishusha gurudumu moja na kuinua jingine, taratibu kama ng'ombe anayevuka mto. Baba, ambaye ni mpenzi mkubwa wa Safari Rally, akasema, "Unajua mwaka 1965 Joginder Singh alishinda Safari na Volvo ambayo wengine walikuwa wameitumia tayari? Ya mitumba pia hushinda."

Tulipokuwa tunafunga vifaa aliuliza, "Maonyesho ni lini?"

"Ijumaa ijayo, saa nane."

"Wazazi wanaalikwa?"

"Ndiyo."

Akafuta nyundo yake kwa kitambaa, akaitundika. "Sawa. Ukiniita, nitakuja."

Nilielewa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeweka spana mahali pake. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nilitembea naye hadi nyumbani nikiwa na neno mdomoni, na sikulitoa. Siku zote tano zilizofuata sikulitoa.

Ijumaa ilifika. Wazazi walikuja kwa suti na vitenge. Tulikuwa tumepanga njia ya mita 10 uwanjani: mawe ya ngumi, kisha mtaro, kisha mbao mbili zilizopishana. Zamu yetu ilipofika nilipakia mahindi, nikashika rimoti, na nilipoinua macho kuangalia njia nikaona mtu amesimama nje ya ua, ng'ambo ya waya. Alikuwa amevaa ovaroli. Mikono alikuwa ameishika nyuma. Hakuwa ameingia, kwa sababu hakuwa ameitwa. Alikuwa amekuja kuliona lori tu.

Mwalimu akasema, "Haya, anza."

Nikaweka rimoti chini. Nilisikia watu wakinong'ona kwamba betri imekwisha. Nikaenda mpaka kwenye ua, na kwa kuwa safari ile chini ya lori aliniita mara mbili, nami nikaita mara mbili, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Baba! Baba!" Alitazama nyuma yake, kana kwamba huenda namwita mwingine. Nikamfungulia lango dogo, nikamshika mkono wake mweusi, tukaja hadi mbele ya mwalimu na wageni wote.

"Mwalimu," nilisema, "huyu ndiye baba yangu. Si injinia. Ni fundi wa springi hapa jua kali. Lori hili tumelitengeneza pamoja."

Pakawa kimya kidogo. Yule mwenzangu aliyeniuliza kuhusu fundi siku ya mvua alinitazama, akamtazama baba, na nikaona ameelewa. Hakusema kitu, na ninamshukuru hadi leo. Mwalimu alimpa baba mkono. Baba akasita kuutoa, akaufuta kwanza kwenye ovaroli, kisha akautoa.

Msomaji atataka kujua kama tulishinda. Hatukushinda. Lori lilipita mawe bila kumwaga punje, likapita mtaro, na kwenye ubao wa pili betri ikaisha kweli. Kikundi kilichotengeneza kichujio cha maji ndicho kilichochukua nafasi ya kwanza, na walistahili. Lakini wazazi watatu walibaki wakimwuliza baba kuhusu magari yao yanayolala upande, naye alikuwa amechuchumaa chini akiwachorea mchangani kwa kijiti: pembe hii ikishuka, tazama ile.

Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa kwa miaka miwili bila kufungwa minyororo na mtu. Siku hizi nikitoka shuleni napita njia fupi. Jumamosi huwa chini ya mabati nikishikilia upande wa pili wa jani baba anapopiga nyundo, na kucha zangu zimeanza kukataa sabuni. Lori langu jekundu bado linasimama sawa. Ikiwa wako limeinama, njoo tuliangalie pamoja. Leta kioo na rula. Baba ana kigoda cha akiba.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu